Yupo, Yuko, Yumo: Maneno ya Wakili Aliyetoka Ofisini

Hati ya kiapo ya Tanzania humalizikia kwenye maneno mawili ya herufi kubwa: MBELE YANGU. Chini yake kamishna wa viapo huandika jina lake, hutia saini na kugonga muhuri. Juu yake kuna sentensi ndefu ambayo kila karani wa ofisi ya uwakili anaijua kwa moyo: kwamba kiapo kimeapwa na kusainiwa hapa Dar es Salaam, au Songea, au Bukoba, leo tarehe fulani, na fulani ambaye ninamfahamu binafsi, au ametambulishwa kwangu na mtu ninayemfahamu binafsi. Ukiisoma polepole utaona kwamba karibu kila neno lake ni la mahali au la mwili. Hapa. Leo. Ninamfahamu. Mbele.

Maneno hayo si pambo. Kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12 ya sheria za Tanzania, kinamtaka kamishna ataje kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Katika maombi namba 53 ya 2002, kati ya kampuni za D.B. Shapriya na Bish International, Mahakama ya Rufani ilikikataa kiapo kizima kwa kuwa mahali hapakutajwa. Tangu hapo mawakili wamejifunza kuliogopa neno hilo dogo la mahali kuliko hoja nyingi nzito. Kisha ikaja kompyuta yenye kamera. Kamishna yuko Mbezi, nyumbani kwake. Muapaji yuko Songea, dukani kwake. Wanaonana nyuso, wanasikilizana sauti, karatasi imeinuliwa isomeke. Muapaji anaapa. Ameapa wapi? Na mbele ya nani?

Neno "mbele" lenyewe halina kinyongo na umbali. Tunasema mtu ametangulia mbele ya haki, na hakuna anayeuliza jengo lilipo. Tunasema kusema uongo mbele ya Mungu, na hatumaanishi hatua tano kutoka kwenye kiti chake. Kiini cha "mbele" katika matumizi hayo ni kwamba anayetazama anaona na hadanganyiki. Kwa kipimo hicho, kamishna anayeuona uso wa muapaji kwenye kioo, lakini haoni ni nani amesimama nyuma ya kamera akimnong'oneza, ana nusu ya "mbele" tu. Nusu ya pili haiwezi kuletwa na intaneti yenye kasi. Italetwa na kanuni itakayosema waziwazi nini kionekane, na kwa Kiswahili kitakachoitaja bila utata.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya mwaka 2021. Katika mwaka huo mmoja Tanzania ilihamisha mambo mawili ya mahakama kwa pamoja: lugha na kiti. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama na mabaraza yote ya utoaji haki. Tarehe 1 Februari ya mwaka huo, jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika kwa Kiswahili hukumu ya kesi ya mgodi wa North Mara, akampandisha Mahakama ya Rufani. Na mwaka huohuo zikatoka kanuni za kusikiliza mashauri kwa washiriki walio nje ya ukumbi, zikifuata zile za 2018, Tangazo la Serikali Na. 148, zilizoruhusu nyaraka kuwasilishwa kielektroniki. Yaani siku ambazo wakili alianza kubeba ofisi yake nyumbani ndizo siku alizoambiwa aizungumzie ofisi hiyo kwa Kiswahili.

Alikuwa na maneno gani mkononi? Hapa historia inatubana. Kiswahili kilikuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo tangu miaka ya 1960, na huko kilikua vizuri: shauri, mdai, mdaiwa, mzee wa baraza, kuahirisha, kutajwa, kusikilizwa. Lakini katika mahakama hizo mawakili hawakuruhusiwa kusimama hadi sheria ilipobadilishwa mwaka huohuo 2021. Kiswahili cha mahakama kilijengwa na hakimu, karani na wananchi wenye ugomvi wa mipaka ya shamba. Wakili hakuwemo. Lugha ya kazi yake mwenyewe, ya nyaraka zinazopishana kati ya ofisi na ofisi, ya pingamizi za kitaalamu, ya siri kati yake na mteja, ilibaki katika Kiingereza kwa zaidi ya nusu karne. Watunga kamusi walijitahidi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Sheria mwaka 1999. Lakini istilahi isiyotamkwa na mtu mwenye haraka, mteja akimsubiri, haijajaribiwa bado. Majaribio ndiyo yanafanyika sasa, na yanafanyika kwenye kioo cha kompyuta.

Kenya ilipita njia yake. Mahakama zilipopunguza shughuli Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mawakili wa Nairobi walijikuta wakijibu mwito wa jaji kutoka sebuleni. Tarehe 1 Julai 2020 Jaji Mkuu David Maraga alizindua Nairobi mfumo wa kuwasilisha kesi kielektroniki, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akaupeleka nchi nzima. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ingawa mahakama kubwa huko bado zinaandika kwa Kiingereza. Hata hivyo, swali la kwanza la kikao cha mtandaoni, Nairobi au Dodoma, ni lilelile, na Kiswahili ndicho chenye zana za kulijibu: wakili yupo?

Tuziangalie zana hizo. Lugha nyingi humpa mtu neno moja la "kuwa mahali". Kiswahili kinampa matatu. Yupo, mahali mahususi panapojulikana. Yuko, upande fulani, pasipo na mpaka dhahiri. Yumo, ndani ya kitu kinachomzunguka. Hapa, huku, humu. Mtoto wa Tanga hutofautisha hayo kabla hajaingia shule. Kwenye mazungumzo ya Nairobi "niko" imemeza sehemu kubwa ya "nipo" na "nimo", na sina ugomvi na mazungumzo. Nina ugomvi na maandishi ya sheria yanayoziacha zana hizi kabatini.

Jaribu kuzitumia katika kikao cha mtandaoni uone zinavyofanya kazi. Jaji akiuliza "wakili wa mdaiwa yupo?", anauliza kama amefika katika kikao, mahali mahususi ambapo kumbukumbu zinaandikwa. Jibu ni "nipo, Mheshimiwa Jaji", hata kama mjibuji amekaa Eldoret na kikao ni cha Mombasa. Jaji akiuliza "uko wapi?", anauliza habari nyingine kabisa: mwili wake uko pande zipi, na je, yuko ndani ya nchi ambako mamlaka ya mahakama yanafika? Na akimgeukia shahidi na kumuuliza "nani yumo humo chumbani pamoja nawe?", ameuliza swali la tatu, ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu ushahidi unaoongozwa kwa mkono wa mtu aliyejificha si ushahidi. Maswali matatu ya kisheria, silabi tatu. Mtunga kanuni anayeandika "washiriki watahudhuria kwa njia ya mtandao" ameyafunga yote matatu katika fungu moja, na wakili mjanja atalifungua anakotaka yeye.

"Kuhudhuria" nalo lina ukoo wake. Linatoka Kiarabu, na ndugu zake tunao: hadhara, hadhira, mahudhurio, hadharani. Ukoo mzima unabeba wazo la watu kuwa pamoja wakishuhudia. Ndiyo maana hukumu husomwa hadharani, milango wazi, ili jirani wa mdai asikie. Kikao cha mtandaoni ambacho kiungo chake wamepewa mawakili peke yao kina mahudhurio lakini hakina hadhara. Hilo si suala la sarufi. Mwananchi aliyekuwa akiingia ukumbini na kuketi benchi la nyuma, asiulizwe lolote, sasa hana mlango. Mahakama inayopenda Kiswahili ijiulize kama imekihamisha kikao na hadhara yake, au imekihamisha kikao na kuiacha hadhara imesimama nje ya jengo tupu.

Kinyume cha hadhara ni faragha, na hapa ofisi za uwakili ndizo zinazohusika zaidi. Neno "faragha" limebeba mizigo miwili: shauri linaposikilizwa faragha, katika chemba ya jaji, na haki ya mtu kutochunguliwa mambo yake. Kenya ilipata sheria ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania ikapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Wakili alikuwa na wajibu huu zamani kabla ya sheria hizo: siri ya mteja. Ofisini siri ilikuwa na kuta. Kulikuwa na mlango, karani wa mapokezi, kabati la chuma lenye ufunguo. Nyumbani kuna kompyuta ya mpakato, na neno hilo linasema kweli kuliko alivyokusudia aliyelibuni, kwa sababu kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na mtoto huyo mara nyingi yupo kweli, anataka kucheza na kompyuta hiyohiyo iliyofunguliwa kwenye talaka ya mtu. Hivyo ofisi inayowaambia mawakili wake "fanyieni kazi nyumbani" bila kuwaambia jalada liwekwe wapi, nani ajue nywila, na simu ya mteja ipokelewe chumba gani, imewapa ruhusa nusu.

"Jalada" na "masijala" yamevumilia vizuri mabadiliko. Jalada liliitwa hivyo kwa ajili ya gamba lake, na sasa halina gamba, lakini karani akisema "jalada lipo kwenye mfumo" anaeleweka Kigoma na Kinondoni. Hayahitaji mbadala na sioni haja ya kuyapa kivumishi cha "kielektroniki" kila yanapotajwa.

Kitenzi kinachonisumbua ni "kufika". Mdaiwa hakufika mahakamani. Wito haukumfika mdaiwa. Ujumbe umefika. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa mtu, kwa karatasi na kwa ujumbe wa simu, na zamani hilo halikuleta shida, kwa sababu karatasi ilifikishwa na mtu kwa mkono. Mwaka 2020 Kenya ilibadilisha Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai ili wito uweze kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe wa simu, WhatsApp ikiwemo. Ofisi za uwakili zilipumua: mdaiwa aliyezoea kuruka ukuta akimwona mpeleka wito sasa anafuatwa mfukoni mwake. Kwa kanuni hizo wito huhesabiwa umefika mtumaji anapopata uthibitisho wa kupokelewa.

Sasa tazama kioo cha simu. Ujumbe ukitoka, unapata alama moja. Ukiingia kwenye simu ya pili, mbili. Ukifunguliwa, mbili hugeuka rangi ya samawati. Watanzania waliosoma shule za msingi wanaiita alama hiyo "vema", kwa sababu ndivyo mwalimu alivyoiandika kwenye jibu sahihi, na ndivyo inavyoitwa kwenye karatasi ya kura. Vema mbili si ushahidi kwamba mdaiwa ameujua wito. Simu inaweza kuwa ya mwanawe. Inaweza kuwa imelala na chaji mezani pa fundi. Kiswahili kina ngazi ambazo mtunga sheria angeweza kuzipanda moja moja: kutumwa, kufika, kupokelewa, kufunguliwa, kusomwa, kueleweka. Sheria ilichagua kufika, na nadhani ilichagua vizuri, kwani ukisubiri mdaiwa akiri kusoma kesi haitasikilizwa kamwe. Lakini hapo ndipo hakimu anapohitaji kuikumbuka tofauti kati ya wito uliofika na wito uliomfika mtu. Kiambishi "-m-" kimebeba haki ya kusikilizwa. Wito uliofika umefika kwenye simu. Wito uliomfika umemgusa mwenyewe. Ningependa kuona hati ya kiapo ya mpeleka wito ikitumia la pili pale tu anapoweza kulithibitisha.

Nikija kwenye kutia mkono, Afrika Mashariki ina maneno mawili, na kila moja lina falsafa yake. Tanzania huandika "saini", mkopo kutoka Kiingereza, neno lisilodai lolote zaidi ya alama. Kenya husema "sahihi": weka sahihi, tia sahihi. Na sahihi ni neno la Kiarabu la ukweli na uzima. Jibu sahihi, nakala sahihi. Mkenya anayetia sahihi anakuwa ametamka, kwa neno lenyewe, kwamba yaliyomo ni kweli. Alipoanza kuitia kwa kubonyeza kitufe, neno lake lilikuwa limejiandaa kuliko la Mtanzania, kwa sababu sheria za saini za kielektroniki hazitafuti umbo la mwandiko. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, na marekebisho ya sheria za biashara ya Kenya ya 2020, zote zinaikubali saini isiyo ya wino, na maswali yake ni kama alama hiyo ni ya mtu huyu, na kama waraka umeguswa baada ya yeye kuuridhia. Hayo ni maswali ya usahihi. Saini ya wino ilijibu la kwanza kwa umbo la mkono, na la pili haikulijibu kabisa. Ninaandika "saini" kwa kuwa ndilo neno la sheria za kwetu, lakini nalitamani lile la Kenya.

Kuna ushahidi kwamba mahakama zetu zinaweza kulinyoosha neno bila kulivunja. Katika kesi ya kibiashara namba 4 ya 2000, benki ilileta mahakamani kumbukumbu zilizochapwa kutoka kompyuta, na sheria ya ushahidi ilikuwa inazungumzia vitabu vya benki. Je, kompyuta ni kitabu? Jaji Nsekela alikubali kwamba inaweza kuwa, kwa hoja kwamba sheria haiwezi kufumbia macho namna biashara inavyofanyika. Bunge likaja kuirekebisha Sheria ya Ushahidi mwaka 2007. Jaji alilitangulia, kwa kusoma neno moja kwa busara.

Busara hiyo inatakiwa sasa kwenye siku ya mwisho ya kuwasilisha nyaraka. Kanuni za 2018 za Tanzania zinasema waraka huhesabiwa umewasilishwa siku hiyo ukitumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku, saa za Afrika Mashariki, isipokuwa mahakama imepanga muda mwingine au waraka umekataliwa. Lakini uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1992 ulikwisha kusema kwamba tarehe ya kufungua shauri ni tarehe ya kulipa ada. Wakili akituma waraka saa tano na nusu usiku, na namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontrol namba, ikamjia asubuhi, amewahi au amechelewa? Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana. Sehemu ya ugomvi huo ni ya maneno. Tunavitumia vitenzi vitatu kana kwamba ni kimoja: kuwasilisha, kufungua, kusajili. Kuwasilisha ni kufanya kitu kiwasili. Ni tendo la wakili, na linakwisha anapobonyeza. Kusajili ni tendo la masijala, linafanyika wakati karani anapoukubali waraka. Kufungua ni matokeo ya hayo mawili pamoja na ada. Kanuni zitakazoandikwa upya kwa Kiswahili ziamue muda unahesabiwa kwenye kitenzi kipi, zikiandike hicho, na viwili vilivyobaki zisivitumie mahali pake.

Na hata saa yenyewe ina jambo. Kwa hesabu ya pwani, siku huanza jua linapozama. Ijumaa huingia magharibi ya Alhamisi, na mzee wa Lamu au Pangani akisema "usiku wa Ijumaa" anamaanisha ule wa kuamkia Ijumaa, siyo unaofuata. Sheria imeazima siku nyingine, inayovunjika katikati ya giza. Mteja wa Pangani anayeambiwa kwa simu na wakili aliye Arusha "lete nyaraka zako kabla ya Ijumaa usiku" anaweza kuzileta siku nzima kabla ya wakati, na hilo halina madhara. Anayeambiwa "mwisho ni usiku wa Jumamosi" na mtu anayehesabu kwa desturi ya pwani, naye akahesabu kwa saa za mfumo, anaweza kukosa rufaa. Ofisi inayofanya kazi na wateja isiowaona iandike kwenye ujumbe wake: kabla ya saa sita usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi, na tarehe zote mbili kwa tarakimu.